Kazi tatu, maji mamoja

Swali kutoka kwa msomaji wa Kiuyu, Wilaya ya Micheweni, Pemba:

"Assalamu alaykum, mtaalamu. Mume wangu ni mvuvi wa mshipi na nyavu. Dau ni lake, lakini mashine na nyavu alikopeshwa na tajiri wa samaki, na deni limebaki laki nne. Mpaka liishe, samaki wote anachukua tajiri kwa shilingi 500 chini ya bei ya mnada kwa kila kilo. Mimi nalima mwani, na bamvua likiwa zuri nakwenda kuchokoa pweza. Tumejinyima mpaka tumeweka milioni moja na laki mbili. Mume anataka nyavu zaidi. Mimi nataka kufungua duka. Mama mkwe anasema tununue ng'ombe. Kwenye kila semina tunaambiwa tuwe na vyanzo vingi vya mapato. Sisi tunavyo, mbona upepo wa kusi ukiingia tunalalia uji wa muhogo? Na kijana wetu wa kidato cha pili anataka kuacha skuli aende dago, kambi ya uvuvi ya mbali, na wajomba zake. Tushauri."

Jibu:

Wa alaykumu salaam, dada yangu. Nianzie kwenye uji wa muhogo, kwa sababu nyavu, duka na ng'ombe vyote vitapimwa hapo.

Kaya yenu ina vyanzo vingi kweli. Kuna samaki, mwani na pweza, na bila shaka kuna vyengine hukuvitaja kwa kuwa hamvihesabu kuwa ni kazi: muhogo wa uwandani, ukili unaousuka usiku, kitoweo anachorudi nacho mume kabla samaki hawajafika mnadani. Ndivyo kaya za wavuvi zilivyoishi Pemba na Unguja miaka yote. Anayekuja kukufundisha uongeze vyanzo anakufundisha jambo ambalo bibi yako alikuwa akilifanya. Mimi nikisoma barua yako naona vyanzo vinavyokauka pamoja na kufurika pamoja. Kila mradi utakaoletewa, uulize hivi: utanipa pesa siku ambazo bahari hainipi? Ukijibiwa la, basi huo ni mradi wa bahari hata kama uko nchi kavu.

Tuchukue mwezi mmoja. Bamvua huja mara mbili, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, na siku hizo maji yetu hupanda na kushuka kiasi cha mita 4. Mwamba unaonekana, mchanga unabaki wazi, na wewe unashuka pwani. Mwani hufungwa na kuvunwa siku hizo. Pweza huchokolewa siku hizo. Chaza na kombe huokotwa siku hizo hizo. Kazi zako zote zinagombania saa chache zile zile za maji kupwa, na wewe ni mtu mmoja. Ukenda kwenye pweza, kamba za mwani zinangoja bamvua lijalo. Ukibaki na mwani, pweza wa mwamba wenu anachukuliwa na mwengine. Kisha yanaingia maji mafu, yasiyokupwa sana, na kwa siku kadhaa pwani haina kazi kwako kabisa.

Mwaka nao una tabia yake. Kaskazi, kuanzia Disemba hivi hadi Machi, mume anatoka. Lakini Januari hadi Machi ndiyo miezi ya maji moto, na mwani hupata maradhi: matawi yanapauka, yanalainika, yanakatika na kuchukuliwa na mkondo. Masika yakija, maji ya mvua yanapunguza chumvi pwani, na mwani uliokwisha kuvunwa haukauki. Aprili na Mei wageni ni wachache na hoteli nyingi za Unguja hupunguza kazi au hufunga kabisa, kwa hiyo mnunuzi wa pweza na jodari anakuja na bei nyengine. Halafu kusi. Mashariki ya Pemba inaipokea kusi kifuani. Juni, Julai na Agosti zina siku nyingi ambazo dau halitoki, mawimbi yanakata kamba za mwani, na mwamba wa nje haufikiki. Uji wa muhogo unatokea hapo: mume na mke mmekwama wiki ile ile, kwa upepo ule ule.

Pesa zenyewe hazifanani. Ya samaki ni ya leo. Inanunua unga na sukari na jioni imekwisha. Mwani hukaa baharini wiki sita hivi, kisha ukaushwe, kisha mnunuzi asubiriwe, ndiyo maana pesa yake huja kwa mkupuo na hufaa kwa mambo makubwa. Vijiji vingi vya mashariki mabati ya nyumba yalinunuliwa kwa mwani wa wanawake tangu miaka ya 1990. Matumizi pia yana siku zake: skuli Januari, Ramadhani na sikukuu ambazo husogea nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, matengenezo ya dau, harusi. Kabla hamjatumia hata shilingi, chukueni daftari la mtoto, mchore miezi kumi na miwili, muandike mwezi gani mlikopa dukani na mwezi gani mlikuwa na ziada. Miezi ya kukopa ndiyo mnayoitafutia pesa. Hiyo mengine mnaiweza tayari.

Sasa milioni na laki mbili. La kwanza, kabla ya nyavu, duka na ng'ombe, ni deni.

Tufanye hesabu. Tuseme mume hupata kilo 10 siku anayotoka, na hutoka siku 15 kwa mwezi. Hizo ni kilo 150, na kwa shilingi 500 chini ya mnada ni shilingi 75,000 zinazobaki kwa tajiri kila mwezi. Si zote ni zenu, kwa sababu kuna mgao. Mgao hutofautiana diko na diko, yaani kila pwani ya kushushia samaki ina wake, ila tuchukue ule wa gharama kutolewa kwanza, halafu nusu iwe ya chombo na zana na nusu iwe ya watu. Mume akiwa na baharia mmoja, nusu ya chombo ni yenu na nusu ya fungu la watu ni yake. Jumla ni robo tatu, yaani zaidi ya shilingi 56,000 kila mwezi zinazotoka mfukoni mwenu. Kwa miezi saba ya kutoka baharini, laki nne imekaribia kujirudisha yote, na baada ya hapo ni faida. Sijui mradi wa laki nne hapo Micheweni utakaorudisha hivyo bila kufa, kuoza wala kukopwa. Badilisha kilo na siku kwa zenu halisi, lakini hesabu ifanyeni. Kuna faida nyengine ambayo haiandikiki: baharia naye anakatwa mle mle, na baharia mzuri huhamia chombo kinachouza mnadani.

Lakini tajiri msimuage kwa ubaya. Watu wa semina humsema kama mnyonyaji, na kwa bei ile maneno yao yana ukweli. Ila ni yeye pia anayegongewa mlango usiku mashine ikiharibika, mtoto akilazwa Wete au mtu akifiwa, na hutoa bila fomu. Hakuna benki inayofanya hivyo Kiuyu. Lipeni deni, kisha muendelee kumuuzia sehemu ya samaki kwa bei ya mnada. Akubali mwenyewe kwamba sasa mnauziana, hamdaiani. Na nyinyi muwe mmeshaanza kujijengea pa kugonga usiku, nitakuja huko.

Nyavu zaidi ninamkatalia mume, na naomba asinione mkorofi. Zitaongeza samaki kwenye miezi ambayo tayari mnao na hazitaongeza hata mmoja kwenye Julai. Nyavu nyingi zinataka mabaharia zaidi, mafuta zaidi na siku za kushona. Akiwa na lazima siku za mbele, azungumze kwanza na kamati ya uvuvi ya shehia na afisa wa diko kuhusu aina na ukubwa wa macho, kwa sababu Sheria ya Uvuvi ya Zanzibar ya 2010 ina zana inazozikataza, na wavu ukichukuliwa na doria haurudi.

Laki mbili na nusu ningeziweka kwenye samaki mnaowapata tayari. Mvuvi anayefika diko mchana na samaki wasio na barafu hana la kusema kwenye bei. Mchuuzi anajua kwamba kila saa ikipita yeye ndiye anayeshinda. Sanduku zuri la barafu, hata lile la kuundwa na fundi kwa friji bovu, linampa mume nafasi ya kusema "napeleka Konde" au "nawangoja wa Tumbe", na mara nyingi maneno hayo peke yake yanapandisha bei hata kama hakwenda popote. Barafu iwekwe chomboni tangu asubuhi, na samaki waingie humo wakiwa hai au wametoka kufa. Barafu ya kuja kumuokoa samaki aliyekwisha lainika ni pesa ya bure.

Kingine ni ng'onda, samaki wa kukausha kwa chumvi. Hii ni kazi ya nyanya zetu, na nashangaa inavyoachwa. Kaskazi ina jua kali, upepo mkavu na samaki wengi kuliko wanunuzi. Siku ambayo mnada umeanguka, wapasue wale wasio na bei, watie chumvi, uwaanike juu ya chanja na si juu ya mchanga. Chumvi inavunwa hapa hapa Pemba, haina gharama kubwa. Ng'onda aliyekauka sawasawa na kuwekwa pakavu anafika miezi ya kusi, na wakati huo samaki mbichi ni adimu na kila nyumba inataka kitoweo. Hapo samaki wa Februari amekupa pesa ya Julai. Weka kidogo kidogo, debe moja moja, ujue kwanza wadudu na unyevu wa kwenu. Kazi yenyewe nyingi unaweza kuifanya siku za maji mafu.

Wa upande wa Unguja wanaofanya dagaa, kule Kama, Mangapwani na Fungurefu, wanalijua vizuri hili la jua na mvua. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi kazi hulala. Huchemshwa kwa maji ya chumvi, huanikwa, na wanunuzi hutoka bara hadi Kongo. Mvua moja ya masika ikikuta dagaa chini, wanawake waliobeba ndoo, waliochemsha na walioanika wote wamepoteza. Wanaosalia na kitu ni wale wenye chanja na turubai.

Kuhusu duka, dada, najua unalitaka sana. Kaa ufikirie wateja wako ni nani. Ni wake za wavuvi na wakulima wa mwani kama wewe. Duka la kijiji cha wavuvi linavua bahari hiyo hiyo: kusi ikiingia wao hawana pesa, wewe ndiye jirani, na daftari la mkopo linajaa wiki ile ile ambayo nyumbani kwako hakuna unga. Kumkatalia jirani sukari ni vigumu, na kumdai ni vigumu zaidi. Waliofanikiwa na duka vijijini mara nyingi ni wenye mshahara au mtu wa mjini nyuma yao, anayeweza kungoja. Ukishindwa kabisa kuacha wazo hili, anza na biashara ya taslimu inayoliwa pale pale, mandazi asubuhi au samaki wa kukaanga jioni karibu na skuli na msikiti. Mtu hakopi andazi la mia kwa urahisi kama anavyokopa kilo mbili za mchele.

Mama mkwe ana hoja, na mwambie nimesema hivyo. Mnyama ni akiba isiyokwenda mfukoni mwa mtu kila siku. Ila ng'ombe ni mmoja: ukihitaji elfu sitini huwezi kumuuza mguu. Kwa uwanda wa Micheweni mbuzi wanafaa zaidi. Majike mawili, kadiri bei ya kwenu itakavyoruhusu, na ukipata madume uyalenge Idi ya kuchinja, watu wanapotafuta wa udhia na bei inapanda. Kuku wa kienyeji pia waongeze, lakini kwa sharti moja: chanjo ya mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ile ya matone ya jicho hutolewa kila miezi mitatu, chupa moja inatosha kuku wa majirani kadhaa, kwa hiyo mnachangishana. Kuku bila chanjo usiwaandike kwenye daftari la mapato, kwa sababu maradhi yakipita yanaondoka na banda zima kwa wiki moja.

Mwani usiuache, na usiuongeze. Ulipoingia Zanzibar kama kilimo cha biashara mwaka 1989 ulikuwa neema kwa wanawake, na hadi leo wengi wa wakulima ni wanawake. Lakini bei haijawahi kuwa mkononi mwa mkulima. Mnazo aina mbili, spinosamu na kotonii. Kotonii ndiyo yenye bei, na ndiyo isiyostahimili joto, ndiyo maana sehemu nyingi za maji mafupi imekufa na watu wamebaki na spinosamu ya bei ndogo. Wataalamu wetu, akiwemo Dk. Flower Msuya ambaye amefanya utafiti wa mwani Zanzibar kwa miaka mingi, wamehimiza kuupeleka kwenye maji ya kina, kwa kamba zinazoelea au neti za mviringo mfano wa bomba. Kitaalamu ni sawa. Kwenu linataka chombo, kuogelea, na mtu wa kwenda nawe, na wanawake wengi hawana hivyo vitatu kwa pamoja. Mume ana dau na siku za kusi halitoki nje. Kama kuna ghuba iliyojikinga, hapo mnaweza kulima pamoja kamba chache za kina mkaona.

Kilo 7 hadi 10 za mwani mbichi hutoa kilo moja kavu. Ukiiangalia hesabu hiyo, utaona kwa nini mizani ya mnunuzi na mchanga ndani ya polo ni mambo ya kugombana. Kausha juu ya chanja, kaa na wenzako watano au kumi muuze siku moja kwa mizani moja. Sabuni na mafuta ya mwani mnayofundishwa ni mazuri kwa vikundi vilivyo karibu na watalii, kama Paje na Kidoti. Kiuyu mtauziana wenyewe.

Kwenye pweza ndiko naona pesa mnazozipoteza kila bamvua. Pweza hukua haraka mno. Yule wa robo kilo unayemchokoa leo, ukimuacha mwezi mmoja au miwili uzito wake unaweza kuwa maradufu, na wanunuzi wa kusafirisha nje hawana haja na mdogo. Jike hutaga mara moja, hulinda mayai yake pangoni mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Akichukuliwa kabla, kizazi kimekwisha. Wavuvi wa Andavadoaka huko Madagaska walianza 2004 kufunga sehemu ya mwamba kwa miezi michache na kuufungua kwa siku maalumu, na mtindo huo umefika kwetu. Kisiwa Panza, kusini ya Pemba, wamekuwa wakifunga mwamba wao na kuufungua kwa pamoja, na asasi ya Mwambao imekuwa ikisaidia vijiji kadhaa kwenye jambo hili.

Utamu wake ni kwamba mnachagua wenyewe siku ya kufungua. Mkifunga ili mfungue karibu na Ramadhani, wakati kila futari inataka pweza wa nazi na muhogo, au kwenye bamvua la kwanza kusi inapoanza kulegea, mmehamisha pesa kutoka mwezi wa neema kwenda mwezi wa dhiki. Hakuna mfadhili anayeweza kuwafanyia hilo vizuri kuliko nyinyi.

Ugumu wake ni siku yenyewe ya kufungua. Wanaume wenye miwani na mapezi hushuka maji ya kina kabla nyinyi hamjafika mwambani, na wageni wa vijiji vya jirani wanajaa. Wanawake ndio waliovumilia miezi yote bila kushuka, kisha wanakuta mapango matupu. Kwa hiyo likija kwenye kamati ya shehia, nendeni mkiwa wengi, na masharti yaandikwe kabla ya kufunga: saa za wanawake wa miguu kwanza, wapiga mbizi baadaye, mnunuzi awe ameshapangwa bei, na walinzi walipwe kutoka kwenye mauzo ya siku ile. Kamati nyingi ni za wanaume wa nyavu. Hawatayakumbuka wenyewe.

Ufugaji wa majongoo ya bahari, kaa wa kunenepesha, samaki wa mwatiko, lulu: haya mtayasikia sana tangu kuwe na Wizara ya Uchumi wa Buluu na Uvuvi mwaka 2020, na baadhi yana maana. Kwa mwenye milioni moja siyashauri. Jongoo hutaka karibu mwaka mzima kabla ya kuuzwa, na usiku mmoja anaweza kuibiwa shamba zima. Kaa anataka chakula kila siku, na chakula chake ni samaki wale wale ambao mngekula. Kikundi kikipewa vifaa, mafunzo na mbegu, ingia ujifunze. Akiba yenu isiguswe.

Karafuu imekusahau, au wewe umeisahau kwa sababu Micheweni ni mawe. Msimu mkubwa aghalabu huangukia kati ya Julai na miezi inayofuata, yaani mle mle kwenye kusi mnayoilalamikia, na magharibi ya kisiwa hutafuta wachumaji na wachambuaji. Malipo ni kwa pishi na ni ya papo hapo. Mwaka hadi mwaka mavuno hupanda na kushuka, kuna miaka mikarafuu haizai, kwa hiyo usiiweke kwenye daftari kama pesa ya uhakika. Lakini mwaka wa mavuno, mume aliyekaa kivulini akishona nyavu wiki tatu angekuwa Mtambwe akichuma. Kupanda juu ni kwa mwenye kuzoea. Watu huanguka na kuvunjika. Wewe na watoto wakubwa wakati wa likizo mnaweza kuchambua, chini, bila hatari.

Nimeahidi pa kugonga usiku. Kama hamna kikundi cha kuweka na kukopa, anzeni. Kama mnacho, badilisheni siku ya kugawana. Karibu kila kikundi hugawana kabla ya sikukuu, na pesa yote inakwenda kwenye nguo na vyombo. Gawaneni mwishoni mwa Mei. Pesa iliyowekwa hisa hisa tangu kaskazi inafika mikononi upepo ukiwa ndiyo kwanza umegeuka. Kwa wanaoogopa riba, na wako sahihi kuogopa, vikundi vingi hukopeshana bila nyongeza na huchangia mfuko mdogo wa dharura kwa kila kikao. Kuhusu kile anachokata tajiri kwenye bei, waulizeni masheikh wenu; mimi nimeongelea hesabu tu.

Jambo la nani anashika pesa mtalimaliza wenyewe nyumbani, ila nitasema nililoliona madikoni. Mume akienda dago miezi miwili, kaya inayoendelea vizuri ni ile iliyokubaliana kabla ya safari kiasi gani kitatumwa kwa simu na kila wiki gani. Pale inaposubiriwa arudi nazo, mara nyingi hurudi na nusu.

Kijana sasa. Sitamdharau mtu wa dago. Wavuvi wa Kojani wamejulikana pwani yote hii kwa ufundi huo, na wapo waliojenga nyumba kwao. Lakini mkimtoa skuli mtakuwa na watu watatu nyumbani wanaotegemea upepo mmoja. Wakati wa likizo amfuate mjomba, aone, arudi. Kama baada ya kidato cha nne kusoma kumemshinda, mpelekeni akajifunze ufundi. Kituo cha Mafunzo ya Amali kipo Vitongoji. Fundi wa mashine za boti hupata kazi nyingi hasa kusi, vyombo vinapokaa pwani na kila mwenye chombo anataka kutengeneza. Hiyo ndiyo pesa ya Julai ninayoitafuta tangu mwanzo wa barua hii.

Basi laki nne ya deni, laki mbili na nusu ya sanduku la barafu, chumvi na chanja, laki tatu ya mbuzi, elfu hamsini ya kuku na chanjo yao. Laki mbili iliyobaki msiifanyie lolote. Iwekeni mahali ambapo kuitoa kunataka sahihi za wote wawili, na isiguswe kabla ya Juni. Mbuzi wasubiri masika yaanze, majani yawe mengi. Deni mlilipe mapema, kaskazi ikiwa inavuma na mume anatoka, ili miezi saba ya bei nzuri ianze kuhesabika. Mkienda kwa tajiri, nendeni pamoja mchana, na nahodha mwengine mnayemuamini au sheha awepo. Chukueni karatasi yenye sahihi yake kwamba mashine na nyavu ni vyenu, na namba ya mashine iandikwe humo.